Kufunga VFD na mota ya spindo kwenye karakana ya nyumbani: kuanzia breka hadi mzunguko wa kwanza

Spindo ya kilowati 2.2, yaani mota inayozungusha biti ya kukata, inayofungwa kwenye mashine ndogo za CNC (zinazoongozwa na kompyuta) za kuchonga mbao ina mambo mawili yanayomtatiza anayeipeleka nyumbani. Ni mota ya njia tatu, na nyumba nyingi zina umeme wa njia moja. Tena haitaki Hz 50 za gridi, kwa kuwa koili zake zimetengenezwa kwa ajili ya Hz 400. VFD, kifaa cha kubadilisha masafa ya umeme wa mota, ndiyo inayotatua yote mawili. Inapokea volti 230 za njia moja, inazigeuza kuwa umeme mnyoofu wa volti takriban 325 unaokaa kwenye kapasita zake, kisha inaukatakata umeme huo na kuutoa kama njia tatu, kwa masafa unayoyataka wewe.

Kazi ya nyaya si ngumu. Kinachoua spindo ni kukosea mfuatano wa kazi. VFD nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mota za kawaida za Hz 50. Spindo ya volti 220 kwa Hz 400 inahitaji volti 0.55 kwa kila Hz moja, yaani ikiwa kwenye Hz 50 inatakiwa ipate kama volti 27.5 tu. Ukiiwasha na mpangilio wa kiwandani inapewa volti 220 kwa Hz 50, mara nane ya inachostahimili. Chuma chake kinashiba sumaku, mkondo unapanda, na koili zinanuka moshi kabla hujajua kimetokea nini. Ndiyo maana katika mwongozo huu mota inafungwa karibu na mwisho kabisa, hata kama mikono inawasha.

Mfano ninaoutumia ni spindo ya 2.2 kW inayopozwa kwa maji, volti 220, Hz 400, ncha mbili za sumaku, pamoja na VFD ya Huanyang ya 2.2 kW, kwa sababu ni jozi inayopatikana sana na namba za parameta zake (mipangilio ya ndani) zinajulikana. Ukiwa na chapa nyingine namba zitabadilika, lakini mambo ya kupanga ni yale yale.

Na jambo moja lisilo na mjadala: laini mpya kutoka kwenye boksi la breka ifungwe na fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya. Kuanzia hapo kwenda kwenye mashine unaweza kuendelea mwenyewe kama umezoea kazi za umeme. Kama hujazoea, mwite yeye yule, akae na wewe.

Soma vibao kwanza

Kwenye kibao cha spindo andika pembeni volti, mkondo, Hz na mzunguko kwa dakika. Hesabu ya kuhakiki ni hii: masafa mara 120, gawanya kwa idadi ya ncha. Hz 400 mara 120 ni 48,000. Gawanya kwa 2 unapata 24,000. Kibao kikisema 24,000 na Hz 400, ncha ni mbili. Kikisema 24,000 na Hz 800, una spindo ya ncha nne, na parameta za mfano huu zisikuguse.

Kwenye kibao cha VFD angalia upande wa kuingiza. Lazima kiseme njia moja, volti 220 hadi 240. VFD ya kuingiza volti 380 za njia tatu haitakusaidia nyumbani hata kama bei yake inavutia. Iliyotengenezwa kuingiza volti 220 za njia tatu pekee inaweza kufanya kazi kwa njia moja, ila kwa kawaida inabidi uihesabu kama nusu ya ukubwa wake. Hakikisha pia inaweza kutoa hadi Hz 400. Muuzaji wa vifaa vya pampu hana sababu ya kulifikiria hilo, kwa hiyo liulize wewe.

Laini ya peke yake

Soketi ya amperi 13 haifai. VFD ya njia moja huvuta mkondo kwa vishindo vifupi vifupi kapasita zinapojazwa, kwa hiyo amperi za kuingia ni nyingi kuliko unavyodhani ukigawanya wati kwa volti. Wapo watengenezaji wanaoandika zaidi ya amperi 20 za kuingiza kwa VFD ya 2.2 kW. Mimi ningevuta kebo ya shaba ya milimita za mraba 4, breka ya amperi 25 ya aina ya C, na swichi ya kukata nyaya zote mbili iwe karibu na mashine, mahali mkono unapofika. Kitabu cha VFD yako kikitaja ukubwa mwingine wa breka au waya, fuata hicho. Ekstensheni nyembamba ya kuzungushia kwenye gurudumu isahau kabisa.

Kabla ya kugharamia yote hayo, pima umeme wako jioni, majirani wanapopika na kuwasha mafeni. Usome ukiwa hauna mzigo, kisha washa kitu kizito kama pasi au birika na usome tena. Ukishuka chini ya volti 200, tatizo huenda liko kabla ya mita au kwenye nyaya za nyumba, na VFD itakuwa inajizima katikati ya kazi. Stabilaiza inaweza kusaidia, lakini iwe ya ukubwa wa kutosha. Ile ya friji itakuwa mapambo.

Kuhusu RCD, yaani breka inayokata umeme unapovuja: VFD huvujisha kiasi kidogo kwenye ethi kwa asili yake, kupitia kichujio chake na kebo ya mota. RCD ya 30 mA inayolinda nyumba nzima inaweza kuanguka kila unapowasha spindo. Usiing'oe. Mwambie fundi aipe laini hii RCD yake ya aina ya F, iliyotengenezwa kwa ajili ya vifaa vya aina hii vya njia moja. RCD za kawaida za aina ya AC zinaweza kushindwa kuona uvujaji kutoka kwenye VFD, na hilo ni baya kuliko kuanguka ovyo.

Ethi, bila utani

Nyumba kuukuu nyingi zina soketi zenye tundu la ethi ambalo nyuma yake hakuna waya. Fundi apime fimbo ya ethi kwa kipimo chake maalumu, si kwa kuangalia kama taa inawaka.

Kisha tengeneza kipande kimoja cha shaba au baa ya ethi ndani ya boksi la VFD. Hapo zifike nyaya zote: ethi ya laini, ethi ya VFD, ethi ya spindo, na ethi ya fremu ya mashine. Kila mmoja uje na njia yake. Usitoe ethi ya spindo kwenye fremu, na fremu kwenye VFD, kama shanga, kwa sababu skrubu moja ikilegea unapoteza zote zilizo mbele yake.

Pima spindo ikiwa mezani

Plagi ya juu ya spindo ina pini nne. Pini 1, 2 na 3 ni za koili. Weka mita kwenye kipimo cha omu, pima 1 na 2, 2 na 3, 1 na 3. Namba ziwe ndogo, omu chache, na zilingane. Moja ikiwa tofauti waziwazi, irudishe spindo dukani siku hiyo hiyo.

Sasa pima kati ya kila pini ya koili na mwili wa spindo. Mita isione njia kabisa. Mwenye mega (kipimo cha uvujaji wa umeme kwenye koili) ya volti 500 apime nayo, ikiwa haijaunganishwa na VFD. Usiwahi kupiga mega kwenye VFD yenyewe, utaiua.

Halafu pini ya 4. Wengi huichukulia kuwa ni ethi kwa sababu ipo. Pima kati yake na mwili. Spindo nyingi za bei nafuu pini hiyo haijaungwa na chochote ndani. Ukikuta hivyo, fungua kifuniko cha juu, unga waya kutoka pini ya 4 hadi kwenye skrubu ya mwili, ukiangalia usiguse koili. Usipotaka kufungua, vuta waya wa ethi wa nje wa milimita za mraba 2.5 hadi kwenye klampu inayoshika spindo. Klampu za alumini huwa zimepakwa tabaka lisilopitisha umeme, kwa hiyo kwangua hadi chuma king'ae, kisha rudia kupima kutoka mwili wa spindo hadi kwenye baa ya ethi. Chini ya omu 1 unaendelea. Zaidi ya hapo, tafuta kilicholegea.

Kumbuka kwamba spindo hii inazungukwa na maji, na mkono wako utakuwa umeishika unapobadilisha biti.

VFD ukutani, bila mota

Isimame wima, na iachiwe nafasi ya kupumua juu na chini, angalau sentimita 10. Vumbi la MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) ndilo adui yake mkubwa, linajaza mapezi ya kupoza na feni inabaki kuzungusha joto. Boksi la chuma lenye feni na kichujio ni bora. Kuifunga ndani ya boksi lisilo na tundu hata moja, hasa kwenye joto la Dar au Mombasa, ni kuipika. Kama una ukuta upande wa pili wa karakana, mbali na vumbi, iweke huko na uongeze urefu wa kebo kidogo.

Terminali za kuingiza zimeandikwa R, S, T. Kwa njia moja tumia mbili kati yake kama kitabu kinavyoelekeza. Kwenye Huanyang ya volti 220 watu hutumia R na T. Laivu kwenye moja, nyutro kwenye nyingine, na waya wa kijani na njano kwenye alama ya ethi. Nyumba zetu zina rangi za vizazi viwili, nyekundu na nyeusi kwa za zamani, kahawia na bluu kwa mpya, hivyo amini mita kuliko rangi. Ncha za nyaya laini zibanwe vichwa vya shaba, usizikunje tu chini ya skrubu. Terminali za P na Pr ni za ukinzani wa breki. Usiweke kitu hapo.

Na hili ndilo kosa linaloua VFD papo hapo: kuingiza umeme wa gridi kwenye U, V, W. Hizo ni za kutoa. Angalia mara mbili, kisha mwite mtu mwingine aangalie.

VFD iliyokaa rafuni muda mrefu, kapasita zake huwa zimelala. Kwa mara ya kwanza ipitishie umeme kupitia balbu ya zamani ya waya ya wati 60 au 100 iliyofungwa mfululizo na laivu. Balbu za LED hazifanyi kazi hii. Balbu ikiwaka kwa nguvu kwa muda mfupi kisha ikafifia, kapasita zinajazwa vizuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti ndani, na balbu imekuokolea breka. Baada ya hapo zima, toa balbu, washa kwa laini kamili.

Kila unapotaka kugusa ndani: zima, subiri dakika 10, kisha pima. Skrini kuzimika hakumaanishi volti 325 zimeondoka. Kama VFD yako imetoa terminali za P na N, pima hapo kwa kipimo cha umeme mnyoofu hadi usome karibu na sifuri.

Parameta

Mota bado iko mezani. Bonyeza kitufe cha kuingia kwenye mpangilio, chagua namba, badilisha, bonyeza SET. Ukinunua VFD iliyotumika, anza na PD013 = 8, inarudisha mpangilio wa kiwandani na kufuta aliyoyaacha mwenzako. Kisha kwa utaratibu huu:

PD005 = 400, masafa ya juu kabisa. Ianze hii, maana PD004 haitakubali kupita kiwango hiki.
PD004 = 400, masafa ya msingi ya mota. Hii ndiyo inayoamua spindo iishi au iungue.
PD003 = 400, masafa makuu ya kuendeshea mota.
PD008 = 220, volti za juu.
PD011 = 120, kiwango cha chini. Ni mzunguko wa 7,200 kwa dakika.
PD014 na PD015 = 10, sekunde za kupanda na kushuka.
PD072 = 400, ukitumia kidhibiti cha nje cha mzunguko.
PD141 = 220, volti za mota.
PD142 = amperi za kwenye kibao cha spindo yako, si za kibao cha VFD.
PD143 = 2, idadi ya ncha.
PD144 = 3000. Huu ni mzunguko kwa Hz 50. Kwa Hz 400 skrini itakuonyesha 24,000.
PD001 = 0 na PD002 = 0 kwa sasa, ili kuwasha na kurekebisha kuwe kwenye vitufe vya VFD yenyewe.

Spindo inayopozwa kwa upepo feni yake imefungwa kwenye shafti ile ile, hivyo mzunguko wa chini unamaanisha upepo mdogo. Kwa hiyo PD011 yake isiwe chini ya kiwango alichotaja mtengenezaji, hata kama unachonga plastiki na unatamani kwenda taratibu.

Ukimaliza, zima, subiri, washa tena, na uzisome zote upya. Zipo ambazo unadhani umezihifadhi kumbe hukubonyeza SET. Halafu bonyeza RUN bila mota: skrini ipande taratibu hadi 400, kisha STOP ishuke.

Kebo ya mota

Unahitaji kebo laini ya nyaya nne, milimita za mraba 1.5 inatosha kwa amperi 8, yenye wavu wa shaba unaozunguka nyaya zote. Usitumie waya mgumu wa nyumba, utakatika ndani ya mnyororo wa kebo baada ya muda wa kwenda na kurudi. Kebo yenye wavu haipatikani kila duka. Kwa Dar anzia Kariakoo, kwa Nairobi zunguka Luthuli Avenue, na uombe wakate ncha uone wavu kwa macho. Karatasi ya foili peke yake haitoshi. Ukikosa kabisa, sehemu isiyosogea inaweza kupita kwenye kebo yenye deraya ya chuma.

Nyaya tatu ziende U, V, W, wa nne kwenye baa ya ethi, na wavu ubanwe kwa klampu kwenye sahani ya chuma upande wa VFD. Watengenezaji wakubwa wa VFD hutaka wavu wa kebo ya mota ufungwe pande zote mbili, na wana hoja. Lakini plagi ya spindo hizi haitoi nafasi nzuri ya kufanya hivyo, kwa hiyo wengi tunaufunga upande wa VFD na kuridhika. Wavu usitumike kamwe badala ya waya wa ethi.

Upande wa plagi, choma risasi kila pini na uivishe mpira wake wa kukazwa kwa joto. Funga ringi ya plagi hadi mwisho. Plagi inayolegea mashine ikitetemeka inaweza kukata njia moja spindo ikiwa inazunguka, na VFD hailipendi hilo. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke swichi wala kontakta (swichi nzito inayovutwa na koili ya umeme) kati ya VFD na mota, na usichomoe plagi kabla mzunguko haujasimama.

Mzunguko wa kwanza

Washa pampu na uone maji yakirudi kwenye ndoo. Toa nati ya koleti (kishikio cha biti) na koleti yake. Usikaze koleti tupu isiyo na biti, inapinda. Weka alama ya peni kwenye shafti, shuka hadi Hz 120, bonyeza RUN kwa sekunde chache, bonyeza STOP na uangalie inavyokwisha mwendo. Ukitazama kutoka juu kuelekea kwenye biti, lazima izunguke kama mishale ya saa. Ikizunguka kinyume, zima, subiri dakika 10, badilisha nyaya mbili zozote kati ya U, V, W. Ukiacha hivyo biti haikati, inasugua mbao hadi inaungua.

Beringi mpya zipashwe joto kwa hatua: dakika kadhaa kwenye Hz 120, kisha 200, 300, na mwisho 400. Gusa mwili wa spindo kila hatua. Vuguvugu ni sawa. Mlio wa kukwaruza au joto la kukutoa mkono si sawa.

Kuwasha kwa swichi au kwa kompyuta

Ikishatulia kwa vitufe, unaweza kuhamisha amri nje. PD001 = 1 inafanya terminali za FOR na DCM zikigusana spindo ianze. Hapo unaweka swichi au relei ya kidhibiti cha CNC. PD002 = 1 inafanya mzunguko ufuate volti za terminali ya VI dhidi ya ACM, na PD070 = 0 ni kwa volti 0 hadi 10. Baadhi ya matoleo yana jampa ndogo (kipande cha kuunganisha pini) karibu na terminali ya kuchagua kati ya kirungu cha kuzungusha cha mbele na VI, na bila kuihamisha utahangaika bure. Nyaya hizi za ishara ziwe na wavu wao, uliofungwa upande mmoja tu, na zikae sentimita 20 au zaidi mbali na kebo ya mota. Zikilazimika kukutana nayo, ziivuke kwa pembe mraba.

Fikiria umeme ukikatika spindo ikiwa kazini. Ukirudi, na swichi ya FOR bado imefungwa, spindo inaweza kuanza yenyewe wakati mkono wako uko kwenye koleti. Dawa ni kontakta ya kujishikilia kabla ya VFD: umeme ukikatika inaachia, na haishiki tena hadi ubonyeze kitufe cha kijani. Kitufe chekundu cha dharura kiwe na jozi mbili za kugusana, moja ikate FOR na nyingine ikate koili ya kontakta. Kwa matumizi ya kila siku simamisha kwa amri ya kawaida. Kuzima na kuwasha umeme wa VFD kila dakika kunachosha vifaa vyake vya kujaza kapasita. Na ujue kwamba umeme ukikatwa spindo huendelea kuzunguka yenyewe kwa muda.

Ikigoma

Skrini ikionyesha OC (mkondo umezidi) inapoanza, kwanza soma upya PD004 na PD008, kisha ongeza PD014. Ikiendelea, chomoa mota na upime koili na mwili kama mwanzo. OU (volti zimezidi) inapoteremka maana yake unaisimamisha haraka kuliko VFD inavyoweza kumeza nishati inayorudi, ongeza PD015. LU ni umeme mdogo, rudi kwenye vipimo vya jioni. OH ni joto, na mara nyingi ni vumbi kwenye mapezi.

Kompyuta ikipoteza mawasiliano ya USB kila spindo inapowaka, usikimbilie kununua kompyuta nyingine. Angalia kama wavu wa kebo ya mota umeshika kweli kwenye ethi, tenganisha njia za kebo, badilisha USB ndefu kwa fupi yenye feraiti (kipande cha kuzuia kelele za umeme), na iweke kompyuta kwenye laini nyingine ya nyumba. Mashine ikikupiga shoti ndogo ya kuwasha vidole unapoigusa, zima kwenye breka na urudi moja kwa moja kwenye pini ya 4 na baa ya ethi. Usiiwashe tena mpaka mita ikuonyeshe chini ya omu 1.